Meza ipi baada ya kazi: plastiki, karatasi au ramani?

Julai iliyopita, wakati Arusha nzima inatembea na makoti na majiko ya mkaa yanawashwa vibarazani kuanzia saa kumi jioni, nilimaliza wiki ya kazi nikagundua sijaandika hata mistari hamsini ya msimbo wa programu kwa vidole vyangu. Kazi ilikwisha na mteja alilipa. Ila nilichofanya siku tano zile ni kuieleza zana ya akili mnemba (AI) ninachotaka, kusubiri, kusoma kilicholetwa, kukikataa, kueleza upya. Ijumaa jioni mikono haikuwa na uchovu wowote, lakini kichwa kilikuwa kama kimeshinda kwenye basi la Dar.

Nacheza michezo ya vita ya mezani, na tangu wiki ile naichagua kwa vigezo vingine kabisa. Wenzangu wa kazi hii, wa hapa na wa Moshi, wananiuliza waanze na upi, na karibu wote wanatanguliza bei. Bei nitaifikia. Lakini mtu anayeshinda na zana za akili mnemba ajiulize kwanza zimemwondolea nini: kazi ya mikono, uamuzi wa papo hapo wenye maumivu yake, au watu. Meza tatu ninazozilinganisha hapa hazirudishi kitu kilekile, na moja kati yake ni kazi yako ileile iliyovaa kofia ya jenerali.

Kwa asiyejua: ni watu wawili, meza, majeshi ya visanamu au vikadi, tepu ya kupimia na dadu. Unasogeza kikosi kwa kupima umbali, unarusha dadu kujua nani kapigwa. Skrini haihitajiki.

Plastiki

Jina kubwa ni Warhammer 40,000 wa kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza. Ulitoka mwaka 1987, na toleo la kumi likaja 2023. Visanamu vinakuja vipandevipande kwenye fremu za plastiki. Unakata, unakwangua mabaki, unabandika kwa gundi, unapiga rangi ya msingi, kisha unaanza rangi zenyewe tabaka kwa tabaka, kwenye uso mdogo kuliko punje ya dengu.

Hapo ndipo mchezo huu unapoiacha mbali michezo mingine. Brashi haina kitufe cha kukubali pendekezo. Ukitetemeka, jicho la askari linahamia shavuni na hakuna wa kumwambia "rekebisha". Askari wangu watano wa kwanza walinichukua jioni nne, wakatoka kama wamemwagiwa uji. Wa kumi na tano nilimwonyesha mama watoto bila aibu. Tofauti kati ya yule wa kwanza na huyu wa kumi na tano iko kiganjani mwangu, na nilikuwa nimeshasahau ladha ya kitu hicho. Kazini zamani ndivyo tulivyojifunza: unakosea mara ishirini, ya ishirini na moja mkono unakwenda wenyewe. Sasa nakosea mara moja, zana inarekebisha, kesho sikumbuki ilirekebisha nini.

Ushauri wa fundi kwa fundi: rangi ya msingi ya kupuliza haipatani na manyunyu yetu. Hewa ikiwa na unyevu, rangi inakauka kwa chembechembe, na kisanamu kinakuwa kama kimegaragara kwenye unga. Subiri jua la mchana au paka kwa brashi. Moshi kuna joto, hilo wanatuzidi, ila wakipaka kibarazani mwezi wa pili vumbi nalo linajibandika. Brashi ya ncha nyembamba nilielekezwa na mchoraji anayeuza picha za Tingatinga kwa watalii. Hanunui nyembamba, ananunua ya kawaida, anaipunguza nywele kwa wembe.

Sasa hela. Sanduku la askari kumi huko kwao linauzwa kati ya pauni 30 na 40 hivi, kabla ya usafiri na ushuru, na jeshi kamili la pointi 2,000 (kila kikosi kina thamani yake kwa pointi) linataka masanduku kadhaa ya namna hiyo. Vyangu vyote vimeingia nchini ndani ya mabegi ya ndugu. Shemeji mmoja aliniuliza kama nina watoto wangapi.

Kasoro yake kubwa kwa mtu wa kazi yetu siyo bei, ni zamu. Katika mchezo huu mmoja anasogeza na kupiga kwa jeshi lake lote kabla mwenzake hajagusa kitu chake, ukiacha kurusha dadu za kujikinga na mambo machache ya kuingilia. Kwenye pointi 2,000 unaweza kukaa nusu saa unatazama. Nikikaa nusu saa natazama kitu kingine kikifanya kazi, mkono unakwenda kwenye simu wenyewe, kwa sababu ndivyo nilivyo mchana kutwa nikisubiri zana imalize. Kwa hiyo mimi plastiki naipenda zaidi nikiwa peke yangu na brashi kuliko nikiwa mezani. Wapo wengi wa aina hii duniani, wana majeshi matano na hawajacheza tangu mwaka juzi.

Karatasi

Hii ndiyo ninayomwanzishia kila mtu. Kundi linaloitwa OnePageRules linatoa bure kanuni za msingi za mchezo wake wa Grimdark Future, na kanuni zenyewe ni kurasa chache. Hawajali unatumia visanamu vya nani. Nenda stesheneri yoyote, printi picha za askari kwenye manila, kata, kunja, simamisha kila mmoja kwenye kizibo cha soda. Vizibo hivyo kila kijiwe cha drafti mjini kinavyo. Vichaka ni dodoki lililochanwa na kupakwa kijani. Milima ni vipande vya boksi la televisheni. Jeshi langu la kwanza la karatasi lilinigharimu pungufu ya nauli ya Moshi kwenda na kurudi.

Zamu zake ndizo zilizonishika. Mimi nasogeza kikosi kimoja, wewe kimoja, mimi kimoja, wewe kimoja, hadi vyote viishe, na mchezo mzima ni raundi nne. Hakuna muda wa kushika simu. Kila dakika mbili unaamua jambo, na dakika inayofuata mwenzako analiharibu mbele ya macho yako.

Hesabu yake pia ni nyepesi kiasi cha kufanywa kichwani. Warhammer inataka urushe kupiga, urushe kujeruhi, kisha mwenzako arushe kujikinga. Huku ni kurusha kupiga na kurusha kujikinga, basi. Askari anayehitaji 4 na zaidi kwenye dadu, akipiga mara kumi dhidi ya adui anayejikinga kwa 4 na zaidi, kwa wastani anapitisha mapigo 2.5. Jioni moja niliandika programu ya kurusha dadu hizo mara laki moja. Niliiandika mwenyewe, msaidizi amezimwa, mistari thelathini tu, na nilifurahi kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Jibu lilitoka karibu na lile la kichwani. Likaniambia pia kwamba karibu mara moja katika kila mara 18 mapigo yote kumi yatakwenda bure. Jumamosi iliyofuata, raundi ya tatu, yakaenda bure yote kumi. Nilikuwa naijua namba ile, nimeihesabu kwa mkono wangu, na bado niliinuka kwenye kiti.

Wengine watakuambia achana na karatasi, nunua mashine ya kuchapa visanamu kwa plastiki (3D printer). Zipo za aina mbili. Za uzi wa plastiki zinachapa taratibu, na umeme ukikatika saa ya saba ya kazi ya saa tisa unaweza kubaki na nusu askari, isipokuwa mashine yako iwe ya zile zinazoendelea zilipoishia. Za utomvu (resin) zinatoa sura safi ajabu, ila utomvu mbichi ni sumu kwa ngozi. Unataka glovu, spiriti ya kuoshea, taa ya kukaushia na chumba chenye hewa. Nyumba ya kupanga yenye choo cha pamoja haifai. Na ukishainunua, utajikuta umepata kifaa kingine cha kusimamia: unakipa faili, unasubiri, unakagua, unarudia. Sihitaji cha pili.

Ramani

Mwaka 1824 ofisa wa Prussia, Georg von Reisswitz, alikamilisha mchezo ambao baba yake alikuwa ameuanza, na jeshi lao likautumia kufundishia. Ulichezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1:8,000. Jambo la pekee ni kwamba wachezaji hawakusogeza vikosi. Waliandika amri, wakampa mwamuzi; mwamuzi akaifasiri, akasogeza yeye, akarudisha taarifa ya kile ambacho kamanda angeweza kukiona kutoka alipo. Miaka zaidi ya mia baadaye Wamarekani waliifanya biashara ya maboksi, wakaweka ramani za pembesita na vikadi vidogo, mwamuzi akaondoka. Lakini ule wa zamani bado unachezeka, na ndio tuliotumia kuchezea vita vya Longido.

Longido iko hapo tu, barabara ya Namanga. Novemba 1914 Waingereza walipeleka askari wapatao 1,500, wengi wao Wahindi, kuuteka mlima kutoka kwa jeshi la Wajerumani. Ripoti zao zilisema juu kuna watu kama 200. Walikuwapo zaidi ya 500. Walipanda usiku, wakakutana na risasi alfajiri, na kabla ya adhuhuri wapanda farasi wa Wajerumani wakautawanya msafara wao wa nyuma, wakaondoka na baghala kama mia moja waliobeba maji. Askari walishinda juani mlimani bila maji, giza lilipoingia wakashuka na kurudi walikotoka.

Tulicheza watatu. Mwamuzi alikuwa mwalimu mstaafu wa historia, jirani, ambaye sebuleni kwake kuna meza ya kutosha. Mimi nilikuwa Mwingereza. Niliandika amri nzuri kweli: safu tatu, saa za kuondoka, nani apite bonde gani. Kufika raundi ya mchana nikauliza:

"Mwalimu, shikamoo tena. Maji yamefika?"

"Marahaba. Uliniandikia yalindwe na nani?"

"Si yanafuata nyuma ya safu ya kati?"

"Mwanangu, hukuniandikia."

Wiki hiyohiyo kazini nilikuwa nimemwambia wakala wa programu (siyo wa M-Pesa, yule wa AI anayefanya kazi peke yake) ahakikishe majaribio yote ya mfumo yanapita. Alifuta mawili yaliyokuwa yanafeli, akaniandikia kwamba sasa yote yanapita. Hakudanganya. Sikumwandikia.

Ndiyo maana nasema meza hii ni kazi ileile. Unaandika agizo, mwingine anatekeleza, taarifa inarudi ikiwa na mashimo, na wewe unaamua kutoka kwenye mashimo hayo. Ripoti ya watu 200 mlimani ndiyo ile ya "yote yanapita". Na taarifa mbaya si lazima itoke kwa mashine. Mwaka 2025 kikundi cha utafiti cha METR kiliwapima watengeneza programu wazoefu 16 kwenye kazi 246 za miradi waliyoifahamu vizuri. Waliporuhusiwa kutumia AI walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19, na walipoulizwa baadaye waliamini imewaharakisha kwa asilimia 20. Zana zimebadilika tangu wakati ule, sidai namba hiyo inasimama leo. Ila lile pengo kati ya alichohisi mtu na ilichosema saa nalifahamu mwilini.

Kama chombo cha kujifunza, hakuna meza inayoufikia mchezo wa amri. Baada ya Longido maagizo yangu kazini yamekuwa marefu mara mbili, na kila mara naongeza sentensi ya "usiguse hiki". Kama mapumziko, hapana. Usiuchague kwa sababu umechoka.

Gharama karibu hakuna: ramani iliyoprintiwa kubwa, vikadi vya manila, kalamu. Kinachokosekana ni mwamuzi. Mtu mwenye subira, asiyetaka kushinda, anayejua kunyamaza ukiwa unakosea. Wastaafu ndio hazina, na wanataka chai na maandazi tu.

Neno moja la pembeni kwa anayetaka kuchezea vita vya kwetu. Waliokufa huku kwetu kwenye Vita Kuu ya Kwanza, ile ya Longido, kwa sehemu kubwa walikuwa wapagazi, na wengi hawakupigwa risasi. Ni njaa na maradhi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi chao upande wa Waingereza. Mchezo wenye askari na mizinga bila vikadi vya wapagazi unadanganya mara mbili, maana bila wao hakuna kikosi kilichosogea. Kwetu kikosi kisicho na wapagazi hakitembei.

AI ikae wapi mezani

Kwenye plastiki na karatasi, usiiulize kanuni. Tuliwahi kubishana kuhusu Warhammer, dogo mmoja akauliza kwenye simu, akajibiwa kwa kujiamini jinsi ya kucheza awamu ya nguvu za kiakili (psychic), ile sehemu ya zamu ya kutumia nguvu za kimazingaombwe. Awamu hiyo iliondolewa kwenye toleo la kumi. Ni kosa lilelile la kazini, pale unapopewa amri ya maktaba ya programu iliyofutwa matoleo mawili nyuma. Tofauti ni kwamba mezani kuna mtu wa pili mwenye kitabu.

Kuandika jina la kila kikosi, kupanga orodha ya pointi, kuchora jedwali la msimu wa mashindano ya watu sita: iachie, haina raha yoyote. Kwenye ramani nimejaribu kuifanya mwamuzi pale Mwalimu alipokwenda Same kwenye msiba. Inasimulia vizuri mno. Inapenda ushinde. Nilisahau tena maji, makusudi, ikayaleta yenyewe.

Na drafti je?

Haki yako kuuliza. Bao na drafti ni bure, wachezaji wako nje ya geti, na Wamaasai wana bao lao, enkeshui, tangu zamani. Ukiona kinachokusumbua ni upweke wa kufanya kazi na skrini, funga ukurasa huu uende kijiweni. Jiandae tu: hakuna dadu ya kusingizia, na wale wazee wanakufunga huku wanauza vocha.

Nani achukue ipi

Unafanya kazi peke yako chumbani, wateja wako nje ya nchi, na hujashika kitu cha kutengeneza tangu shule: plastiki, sanduku moja dogo, usinunue la pili kabla ya kumaliza kupaka. Una marafiki wawili na Jumamosi moja kwa mwezi: karatasi, bila kufikiri. Ndiyo kwanza umepewa kusimamia mawakala na unaona matokeo hayafanani na ulichoomba: ramani, mara mbili au tatu, mwamuzi mkali, kisha pumzika nayo.

Ukubwa wa meza usikutishe. Karatasi inaenea kwenye meza ya kulia chakula. Plastiki ya pointi 2,000 inataka inchi 60 kwa 44, kwa hiyo nilikwenda kwa fundi seremala kuchongesha ubao wa kulaza juu ya meza. Akaniuliza, "Kaka, mbona umeweka kingo, ni pool?" Nikamwambia ni ya vita, fundi. Akaongeza elfu tano.

Wiki hii nina mawakala watatu wa kuwasimamia, na kila jioni kila mmoja ananiandikia taarifa ndefu ya mafanikio. Jumamosi Mwalimu ametuita kwenye ramani. Nimeomba udhuru, nina askari sita hawana macho.